Kimya cha Alhamisi

Nyumba za Polisi, Naguru,
Kampala.
Jumatano, 20 Agosti 2025.

Mpendwa mdogo wangu Husnah,

Assalaam alaykum. Habari za huko Pune na mvua zake? Je, ule mguu ulioteguka umepona, au bado unauburuta darasani huku ukiwaambia wanafunzi wako kwamba maumivu ni mgeni wa kupita tu? Uukande kwa maji ya chumvi, hata kama vitabu vyako havisemi hivyo. Sisi huku ni wazima. Shinikizo la damu la shemeji yako Yasiin limeshuka, goti langu linalia wakati wa kupanda ngazi tu, na Zulaikha hana homa wala kikohozi.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu zipo. Nimeamua hivyo kwa sababu kwenye simu siwezi kugombana nawe. Nikianza kupandisha sauti unaniambia nivute pumzi kwa hesabu ya nne, na nikimaliza kuvuta nimesahau nilichotaka kusema. Barua haikatizwi. Adong, jirani yetu wa nyumba ya tatu, anamleta mumewe huko kutibiwa figo, naye amekubali kuibeba. Na usinicheke kwa uandishi, maana Kiswahili tulichochapiwa viboko shuleni Kibera hakijanitoka. Tatizo ni kwamba hapa Kampala ukikisema vizuri sana watu wanadhani umekuja kuwakamata.

Jambo lenyewe ni Zulaikha. Nusura tumwoze mtoto kwa mtu asiyemtaka, Husnah, na hiyo falsafa yako ya yoga imo ndani yake tangu mwanzo hadi mwisho.

Nianze na nyumba. Ulisikia kwamba Yasiin alistaafu mwezi wa tatu. Notisi ilikuja mwezi wa sita, kwamba waliostaafu wote wawe wamehama ifikapo mwisho wa Septemba. Miaka ishirini na miwili tumekaa hapa. Nilikupigia siku ile nikilia, nawe ukanifundisha neno aparigraha, kutong'ang'ania kitu. Ukasema nitoe pumzi na kuiachia nyumba. Sikukujibu siku ile, basi nakujibu leo. Nyumba haiachiwi kwa pumzi. Inaachiwa kwa pikapu, na mahali pa kuipeleka hiyo pikapu.

Ukanipa na lingine, santosha, kuridhika na ulichonacho. Maji hapa yanatoka siku mbili kwa wiki, na siku hizo bomba ni moja kwa familia kumi na sita. Nilijaribu, wallahi nilijaribu. Nilisimama kwenye foleni na mitungi yangu nikitafuta kuridhika, hadi mke wa Olanya, jirani yetu mwingine, aliponipita akaweka ndoo yake mbele yangu. Hapo santosha yote iliniishia.

Na Yasiin ndiye umenimalizia kabisa. Katika mikao yote uliyotufundisha kwenye video siku za Jumamosi, yeye alikubali mmoja tu, ule wa kulala chali kama maiti. Umemfaa, sikatai, hata daktari amempunguzia vidonge. Lakini sasa ndio umekuwa kazi yake. Afisa wa nyumba alipokuja kuandika majina ya wanaohama, bwana alikuwa mkekani sebuleni, macho kafumba, mikono pembeni. Ilibidi nimjibu yule afisa mwenyewe, nikiwa nimesimama juu ya mume wangu kama mtu aliyefiwa. Alipoondoka, Yasiin alifumbua jicho moja akasema, "Umeongea vizuri."

Sasa Zulaikha. Unajua yeye ndiye mwanafunzi wako wa kweli. Ana daftari zima la mafundisho yako, na mambo hayo yalimsaidia kupita mtihani wa mwaka wa pili wa ukunga wakati nyumba hii ilikuwa kelele tupu. Kati ya yote akaipenda mauna, kukaa kimya siku nzima. Akachagua Alhamisi, kuanzia alfajiri hadi magharibi. Mimi ilinikera tangu wiki ya kwanza. Unauliza chumvi iko wapi, mtu anakuonyesha kwa kidole. Unamwambia habari ya msiba, anaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa. Lakini siku nyingine zote alikuwa mpole, hasemi ovyo, harushi mlango, basi nikaiacha.

Mwezi wa saba shemeji Abudu, kaka yake Yasiin wa kule Bombo, alileta posa. Mtu mwenyewe anaitwa Marjan. Ni wa kwetu, Mnubi, ana miaka thelathini na minane, mke wake alifariki, anauza magodoro Juba. Si mtu mbaya, naomba uelewe hilo. Ana nyumba Bukoto ya vyumba vinne na tangi lake la maji, haina mtu. Alisema kwamba akipata mke ataishi naye Juba, na wakwe zake wanaweza kukaa katika nyumba ya Bukoto muda wowote wanaotaka. Nilipolisikia lile neno tangi, Husnah, sikusikia vizuri yaliyofuata.

Abudu alisema atakuja na mama yao, Haboba, kama tunavyomwita kila bibi, siku ya Jumapili, kumwuliza mtoto. Badala yake walikuja Alhamisi, tarehe saba, kwa sababu walipata gari la bure kutoka Bombo. Zulaikha alikuwa kwenye kimya chake.

Umekaa mbali muda mrefu, basi nikukumbushe jinsi mambo yanavyokwenda kwetu. Mwanamke aliyekwisha olewa lazima atamke kwa mdomo wake. Msichana haulizwi hivyo. Anaulizwa na bibi yake mara tatu, mbele ya mwanamke mmoja shahidi, naye akiona haya akanyamaza, amekubali. Na katika ukoo wa akina Yasiin msichana hutaja mahari yake mwenyewe. Wale waliosoma huiandika, wakaikunja karatasi, wakampa bibi. Karatasi hiyo haifunguliwi na mtu hadi wazee wa pande mbili wakutane. Kuichungulia kabla ya hapo ni aibu.

Haboba aliingia chumbani na mke wa Abudu kama shahidi, mimi nikiwa nyuma. Akakaa kitandani, akamshika Zulaikha mkono.

"Mtoto ya Yasiin, Marjan anataka wewe. Unakubali ama?"

Kimya. Akauliza tena, kimya. Mara ya tatu Zulaikha alichukua daftari lake, akachana karatasi, akaandika, akaikunja vizuri na kumpa Haboba kwa mikono miwili. Haboba hajui kusoma. Aliibusu ile karatasi, akaifunga kwenye ncha ya gurbaba yake, ile shuka anayojitanda, mafundo mawili.

"Watoto ya siku hizi," akamwambia mke wa Abudu. "Mimi hata sijauliza mahari, yeye ameshaandika."

Akatoka, na vigelegele vikapigwa hadi majirani wakachungulia.

Ndivyo ilivyokuwa. Mtoto kanyamaza kwa sababu ya mafundisho yako, wazee wamesikia kimya hicho kwa masikio ya Bombo, na karatasi iliyoandikwa "sitaki" imefungwa kama mahari. Nimejiuliza mara ngapi, katika siku hizi zote, kwa nini hukumwambia kwamba kimya huku kina kazi nyingine. Unamfundisha msichana wa Kinubi kunyamaza, na wewe ni Mnubi, uliulizwa mara tatu na Haboba wetu wenyewe ukiwa na miaka kumi na tisa. Ulisahau? Au huko Pune mnadhani watu wote ulimwenguni hunyamaza kwa namna moja?

Siku iliyofuata alfajiri Zulaikha alipanda basi kwenda Gulu kwa mafunzo ya wodini. Alijua ameshajibu kwa maandishi. Alidhani karatasi itasomwa jioni ile ile na watu wazima watamalizana wenyewe.

Nami nikakupigia kukwambia mtoto kakubali. Wewe ukafanya nini? Ungempigia kwanza, umsikilize. Ukanyamaza wiki nzima ukitafuta maneno mazuri, kisha Jumamosi jioni ukamtumia ujumbe wa sauti wa dakika sita kumpongeza kwa kuolewa, pamoja na picha ya ua la yungiyungi. Hivyo ndivyo Zulaikha alivyopata habari kwamba ana mchumba.

Jumapili wazee walikaa hapa baada ya adhuhuri. Wanne wa upande wa Marjan, na Marjan mwenyewe kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, amevaa kanzu mpya yenye mikunjo ya dukani bado. Yasiin tulimwondoa mkekani tukamkalisha. Haboba alifungua fundo lake, akampa Abudu karatasi. Unaijua sauti ya Abudu, ya mtu aliyeita gwaride miaka thelathini. Akasoma kwa sauti hiyo hiyo: "Haboba, nisamehe, sitaki kuolewa na Marjan. Nataka kumaliza masomo. Nitasema mwenyewe kesho asubuhi kabla sijasafiri."

Na wakati huo huo mtoto akaingia, yuko na sare ya wodini na vumbi la barabara ya Gulu hadi kwenye nyusi. Alisalimia kila mtu kwa mkono, mmoja mmoja, mpaka Marjan. Kisha akapiga magoti mbele ya Haboba.

Marjan alivaa viatu vyake pale pale mlangoni. Alisema, "Tuache dada asome," akaagana na Yasiin kwa heshima, wakaondoka. Hata soda hawakufungua. Angekuwa mtu wa matusi ingeniwia rahisi.

Ndipo Abudu akageuka. Alisema ni hii dini ya Wahindi iliyomharibu mtoto, na kwamba mtu mwenye ulimi haandiki kwenye karatasi kama bubu. Nami nikaitikia. Nikasema ndiyo, shemeji, ni hiyo yoga, ni Husnah, nilimwambia aache siku nyingi. Nilikutaja kwa jina mbele ya watu wote. Abudu akaamuru Zulaikha aache mauna, mikao na kila kitu, na asizungumze nawe tena mpaka yeye aseme. Zulaikha akasema ndiyo, baba mkubwa.

Kisha Abudu akauliza, "Na hii karatasi, hakuna mtu aliiona? Watu wote humu ndani, hakuna?"

Sasa Husnah, nimefika mahali ambapo ningependa unikatize, na ndio ubaya wa barua.

Niliiona. Nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake pale chumbani alipokuwa akiiandika. Niliisoma yote, neno kwa neno, kabla hajaikunja. Vigelegele vilipoanza aligeuka akanitazama, hakuogopa, alinitazama jinsi unavyomtazama mtu unayejua atasema. Mimi nikaangalia birika. Baada ya magharibi alipoweza kusema alikuja jikoni kuniuliza wanafurahia nini, Haboba hajasomewa? Nikamwambia atasomewa, wewe lala, kesho una safari. Akanishukuru. Asubuhi akataka kuingia kumwona Haboba, aliyelala hapa kwetu, kama alivyoandika, nikamwambia bibi yako amelala, usimwamshe, nitamwambia mimi.

Usiku huo huo Yasiin alikuwa ameniuliza, "Mtoto amekubali kabisa?" Nikamjibu, "Hukusikia vigelegele?" Jumatano iliyofuata tulikwenda Bukoto kuiona nyumba. Nilifungua bomba la jikoni nikaliacha litiririke kidogo. Nilichagua hata chumba cha kuweka cherehani.

Abudu alipouliza lile swali, Zulaikha alinitazama mara moja, akatazama chini, na akanyamaza. Haikuwa Alhamisi. Alikubali aonekane mtoto asiye na adabu, mwenye kuaibisha ukoo mbele ya wageni, ili mama yake asiaibike. Nami nikamwacha. Nilikuwa na ulimi, sikuwa nimeweka nadhiri yoyote, nikasema, "Hakuna, shemeji."

Daftari lake aliliweka mezani kama alivyoamriwa. Jana nikalifungua. Chini ya neno mauna ameandika ulivyomfundisha: kunyamaza ni ili usidhuru, na ukinyamaza mtu akaumia, hiyo si mauna, umeficha tu. Umemfundisha vizuri kabisa, na hilo ndilo linalonikera kuliko yote. Tangu jana nimekutafutia kosa katika daftari zima na nimelipata moja tu, umefundisha ahimsa, kutodhuru, bila kuieleza ya kutosha, na hata hilo huenda ni kosa la mwandiko wake.

Tangu Jumapili hajanigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Ananishukuru. Nikimpa chai, asante mama. Nikimpisha mlangoni, asante mama. Anakunja nguo zake na zangu, anafunga vyombo kwenye maboksi kwa safari ya Kamwokya, maana tumepata vyumba viwili kule nyuma ya soko, na kila nikimwomba kitu anakifanya kabla sijamaliza kukitaja. Ndivyo alivyo kwa wagonjwa wake, nadhani. Kesho kutwa anarudi Gulu.

Barua ilipofika hapa nilitaka kuifunga. Adong alipita kuichukua, akaipima mkononi. "Mama Zula, hii balua ama kitabu?" Nikamwambia aje baadaye. Kisha nikamwita Zulaikha, nikampa kurasa zote, nikamwambia asome kwanza, kama kuna uongo aukate.

Alisoma amesimama, kando ya dirisha. Alipofika mahali pa birika alikaa. Alisoma hadi mwisho, akazipanga kurasa, akanirudishia. Hakukata neno.

"Mama, hii si ya mama mdogo," akasema. "Hii ni ya baba mkubwa."

Akarudi kwenye maboksi yake.

Basi Jumamosi nakwenda Bombo. Haboba hajui kusoma, kwa hiyo nitamsomea mwenyewe, Abudu na mkewe wakiwa wamekaa, yote, pamoja na tangi, pamoja na matusi yangu kwako, ambayo nimeyaacha ili wayasikie na wajue kwamba nilikusingizia. Ninaogopa, Husnah. Abudu anaweza kunifukuza uani kwake, na Yasiin ataniangalia jinsi gani sijui, maana hata yeye bado hajui. Nimejaribu pumzi yako ya hesabu ya nne mara tatu tangu nianze ukurasa huu. Haisaidii sana, lakini ukurasa nimeumaliza.

Nisalimie mumeo na watoto, hasa yule mdogo anayekataa kula. Dada Akidi wa hapa jirani anakusalimu na anauliza video ya Jumamosi iko au haiko. Yasiin anakusalimu kutoka mkekani. Zulaikha sijamwuliza kama anakutumia salamu, kwa sababu amekatazwa, na atakapofunguliwa atakupigia mwenyewe.

Mwenyezi Mungu akuponye mguu, akulinde katika nchi ya watu, na akufanye unisamehe kabla hujamaliza kukasirika.

Adong anasafiri Jumatatu. Nitampa barua hii nikishatoka Bombo, si kabla. Ikikufikia mkononi, ujue imekwisha somwa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye,

Zubaida